NANI ALIYEKATA, NA KWA SHERIA GANI?



Kila mwisho wa mwezi ofisi yetu hujaa watu. Hawaji kuuliza habari za mgomo wala za uchaguzi wa chama. Waja na simu mkononi, watuonyesha ujumbe wa pesa zilizoingia, na swali lao ni moja: Mbona zimepungua? Huyu asema amekatwa sahani. Yule amekatwa siku mbili kwa kuchelewa siku moja. Wa tatu hajui amekatwa nini, ameambiwa tu kwamba "ofisi imekata". Twamwuliza, ofisi ipi, nani hasa? Hajui, na aliogopa kuuliza.

Basi katika toleo hili twataka kulisema jambo la kukatwa mshahara kwa kirefu, na wala si kwa kulalamika tu. Kulalamika twajua sote. Tusilolijua wengi wetu ni kwamba sheria ya nchi hii imeyataja makato yanayoruhusiwa moja moja, kwa orodha, na lisilokuwa katika orodha hiyo tajiri hana ruhusa ya kulikata, hata awe mkubwa namna gani, hata awe amekupa kazi siku ambayo wengine wote walikunyima.

Sisi watu wa Nyalenda twafanya kazi za kila namna. Alfajiri wanawake wetu wavuka Ring Road kwa miguu waingia Milimani, wakafue, wakapike, wakalee watoto wa watu. Vijana wetu wako kwenye hoteli, kwenye supamaketi na kwenye pampu za petroli. Waume wengi ni askari wa kulinda malango usiku. Wako wa viwandani, na wako wanaohesabiwa kwa kilo za samaki walizopasua. Vyama vyetu si kimoja na matajiri wetu si wamoja, lakini makato yao yafanana kama kwamba wote wamesoma shule moja.

Sheria yenyewe yaitwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, nayo ilianza kutumika tarehe 2 Juni 2008. Kifungu cha 17 chasema mfanya kazi alipwe mshahara wake wote alioufanyia kazi, mkononi mwake au kwa njia ya benki aliyoikubali, kwa fedha za Kenya. Angalieni neno hilo, wote. Kifungu hicho hicho chakataza tajiri kumlazimisha mtu autumie mshahara wake mahali ambapo tajiri mwenyewe ana faida. Kwa hiyo yule mwenye kampuni anayewafungulia watu wake duka la unga na sukari kwa daftari, kisha mwisho wa mwezi wapewe makaratasi ya deni badala ya pesa, ajue kwamba jambo hilo lilikwisha katazwa. Na yule anayetuma mshahara kwa simu halafu akatoa gharama za kutuma katika pesa za mfanya kazi, sisi twasema hajalipa mshahara wote. Gharama ya kulipa ni ya mwenye kulipa.

Kisha chaja kifungu cha 19. Hicho ndicho chenye orodha ya makato, na ndicho twataka kila mwakilishi wetu kazini akijue kama ajuavyo njia ya kwenda kwao.

Wazee wetu hawakuwa na kifungu kama hiki. Katika mashamba ya walowezi mfanya kazi alipewa tikiti yenye siku thelathini, na mshahara haukutoka mpaka siku zote thelathini zimetiwa alama. Nyapara akiona kazi ya siku haikwisha, alama haikutiwa, na ile jasho ya mchana kutwa ikawa bure. Mtu aliweza kukaa wiki sita ndipo apate mshahara wa mwezi mmoja. Tena Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilimfanya mfanya kazi aliyeacha kazi au kuizembea kuwa mhalifu wa kupelekwa mbele ya hakimu, si mtu mwenye madai na tajiri wake. Hali hiyo iliondolewa polepole, kwa vyama, kwa migomo, na kwa watu waliofungwa. Leo sheria yasema kinyume cha tikiti: mwenye kazi ya kipande alipwe kwa kadiri ya kazi aliyoifanya, na mwenye kazi ya kupimiwa ambaye hakuimaliza alipwe kiasi alichofikisha au aachiwe aimalize kesho. Nao wale dada zetu wanaopasua samaki, wanaoambiwa kwamba ndoo nzima haitahesabiwa kwa sababu vipande vichache vimeharibika, waelewe kwamba wanarudishwa kwenye tikiti kwa mlango wa nyuma.

Tuanze na makato yaliyo halali, ili mtu asigombane na yasiyo na ugomvi. Serikali hukata, na tajiri ni mkono wake tu. Chukueni mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida katika mji wa Kisumu, uliowekwa kuanzia Novemba 2024, ambao ulikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Katika kundi hilo wamo wafagiaji, watunza bustani, wafanya kazi wa nyumbani na askari wa mchana. (Twajua kwamba wengi Milimani hawazioni hizo 16,113.75 hata kwa ndoto. Hilo ni kosa jingine, nalo tutalirudia siku nyingine.) Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF ilichukua asilimia 6, yaani 966.83. Bima ya Afya ya Jamii, iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, ilichukua asilimia 2.75, yaani 443.13. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 241.71. Kodi ya mapato mshahara huo hauifikii, kwa sababu ya nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 kila mwezi. Jumlisheni: 1,651.67. Basi mtu wa mshahara huo alipaswa kupokea shilingi 14,462 na senti. Akipokea 12,000, zile nyingine zaidi ya 2,400 hazikwenda Serikalini. Zimekwenda kwingine, na ana haki ya kuuliza ni wapi.

Ada ya chama nayo hukatwa, na wako wanaotuuliza habari zake kwa ukali. Wana haki. Ada hukatwa kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kwa fomu aliyoitia saini mwanachama mwenyewe, na huingia katika akaunti ya chama. Ambaye hakutia saini na amekatwa kama mwanachama, aje na karatasi yake tuiangalie.

Sasa tufike penye mgogoro. Mgogoro mkubwa ni makato ya hasara: vitu vilivyovunjika, vilivyopotea, vilivyoibwa, na fedha zilizopungua. Hapa ndipo wafanya kazi wa mji huu wanapopoteza pesa nyingi, na hapa ndipo sheria inasema maneno ambayo tajiri hapendi yasomwe kwa sauti.

Sheria yaruhusu tajiri akate kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, lakini kwa sharti kwamba hasara hiyo imetokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi! Si bahati mbaya, si sakafu iliyolowa, si glasi iliyokuwa na ufa tangu mwaka jana. Dada anayeosha vyombo vya watu kumi na wawili kwa saa moja, sahani ikamponyoka, huyo hakukusudia. Kuvunjika kwa vyombo ni gharama ya kuwa na hoteli, kama vile kuungua kwa mkaa ni gharama ya kuchoma nyama. Mwenye hoteli ndiye achukuaye faida ya biashara, na hasara yake ya kila siku ni yake pia.

Askari je? Usiku wezi wamekata wavu, wamechukua betri. Asubuhi kampuni ya ulinzi inamlipa mwenye nyumba, kisha inawagawia askari watatu deni la betri, kila mmoja theluthi. Hakuna aliyeuliza kama askari alikuwa macho, kama alipiga simu, kama taa zilikuwa zikiwaka, kama alipewa hata filimbi. Hakuna aliyemshitaki kwa lolote. Amekuwa na deni kwa sababu tu alikuwa zamu. Sheria haina makato ya namna hiyo.

Na katika maduka makubwa iko desturi nyingine, ambayo twaiona mbaya kuliko zote. Stoo ikihesabiwa na bidhaa zikapungua, upungufu wote hugawanywa kwa wafanya kazi wote, tangu mpanga bidhaa hadi mfagiaji, sawa kwa sawa. Wazee wetu waikumbuka desturi hii kwa jina jingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kutoza faini watu wa mahali pazima, ng'ombe wakachukuliwa kwa wote, kwa kosa la mmoja asiyejulikana. Wakati ule tuliiita dhuluma. Hatuoni kwa nini ibadilike jina kwa sababu sasa inafanywa na meneja mwenye tai.

Upungufu wa fedha una kanuni yake peke yake, na wengi huichanganya. Mtu wa pampu au wa keshia aweza kukatwa fedha zilizopungua, lakini lazima mambo mawili yawepo. Kwanza, mkataba wake uwe unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa fedha. Pili, upungufu uwe umetokana na uzembe wake au udanganyifu wake. Mteja akijaza tangi akakimbia bila kulipa, huo ni wizi wa mteja. Mhudumu anayehudumia meza sita, watu wa meza ya saba wakatoroka na bili, twauliza ni uzembe gani alioufanya, na nani aliyempa meza nyingi hivyo? Na ikiwa keshia amekaa kwenye mtambo mmoja na wenzake wawili, kila mmoja akiufungua na kuufunga, upungufu huo ni wa nani? Anayedai ndiye athibitishe.

Matajiri wengine, hasa wale walio na mawakili, wamekwisha kuyajua haya, na wamepata dawa yake. Dawa hiyo ni saini. Mtu akiajiriwa hupewa karatasi nyingi, na katikati yake ipo moja inayosema, "Nakubali kukatwa mshahara wangu kwa hasara yoyote itakayotokea." Au hasara ikitokea, huitwa ofisini jioni, mlango ukafungwa, akaambiwa chagua: saini hapa tukukate kidogo kidogo, au twende polisi. Mtu mwenye watoto Pandpieri atachagua nini? Atatia saini.

Twasema kwa nguvu: saini hiyo haina uzito ambao tajiri anaudai. Orodha ya kifungu cha 19 yaruhusu kukata kiasi ambacho mfanya kazi mwenyewe ameomba kwa maandishi, lakini kwa sharti kwamba tajiri hana faida yoyote katika pesa hizo, ya moja kwa moja wala ya kuzunguka. Hii iliwekwa kwa ajili ya mambo kama akiba ya ushirika, mkopo wa benki, bima aliyoitaka mtu mwenyewe. Pesa za sahani zarudi kwa nani? Kwa tajiri. Basi haziingii katika mlango huo. Zataka mlango wa hasara, na mlango huo una ufunguo mmoja, ule wa kosa la makusudi. Karatasi ya kukubali kabla ya kosa haiwezi kuwa ushahidi wa kosa ambalo halijatendeka. Hata hivyo, ndugu, kukataa kutia saini ni rahisi kuliko kuiondoa ikiwa imekwisha tiwa. Ukilazimishwa, andika juu yake kwa mkono wako, "Sikubali kosa," na tarehe, na uipige picha kabla hujatoka.

Habari ya kutokuja kazini ni fupi. Kwa siku nzima ambayo mtu hakufika bila ruhusa na bila sababu ya haki, tajiri aweza kukata mshahara wa siku hiyo moja. Si siku mbili. Na sheria yasema siku nzima. Saa moja haikutajwa. Mvua ikinyesha usiku na mto Auji ukafurika, nusu ya Nyalenda huamka ndani ya maji. Mtu ahamishe magodoro, abebe watoto, ndipo atoke. Akifika saa tatu badala ya saa mbili, afanye kazi mpaka jioni, kisha akatwe siku nzima, huyo ametoa kazi ya bure kwa tajiri wake. Mchelewaji wa kila siku aonywe kwa barua, hatumtetei. Lakini barua ya onyo ni kitu kimoja na mfuko wa mtu ni kitu kingine.

Juu ya vifaa vya kazi, mabuti ya mpira, glavu, kofia za kujikinga: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri avitoe yeye. Mpasua samaki aliyekatwa pesa za glavu ameuziwa haki yake.

Advansi pia. Karani wa mishahara akikupa shilingi 1,000 tarehe 15, mwisho wa mwezi akata 1,000, si 1,200.  Mkopo halisi wa tajiri, ulioandikwa, una kipimo chake: asikate zaidi ya nusu ya kile kilichobaki baada ya makato mengine. Na makato yote ya kifungu hiki yakijumlishwa pamoja, yasipite theluthi mbili ya mshahara. Yaani katika ule mshahara wa 16,113.75, lazima zibaki angalau 5,371.25 mkononi mwa mtu. Mnajua wenyewe kama mtu aweza kuishi mwezi kwa 5,371.25, na kodi ya chumba ikiwamo. Sisi twaona sheria imekuwa karimu mno kwa wenye kukata. Lakini hata ukarimu huo huvukwa, na hapa hatuwezi kumlaumu tajiri peke yake, maana wako wanachama wetu wanaochukua mikopo mitatu kwa mshahara mmoja, halafu watuletee karatasi yenye shilingi mia nane chini yake.

Lipo kato moja baya ambalo halionekani, kwa sababu kwenye karatasi limeandikwa vizuri kabisa. Mfanya kazi akatwa bima ya afya, akatwa NSSF, akatwa pesa za ushirika, na tajiri azikalia. Mtu agundua siku mkewe yuko mlangoni mwa hospitali na mtambo wasema michango haijalipwa. Huu si upungufu wa mshahara tu, ni kuchukua pesa ya mtu kwa jina la Serikali. Sheria ya Ajira yasema makato ya namna hii yapelekwe kwa wakati uliowekwa, na asiyeyapeleka ametenda kosa la jinai. Msingoje ugonjwa. Pigeni *147# mtazame hali ya bima yenu, na mwulize NSSF taarifa ya akaunti yenu walau mara mbili kwa mwaka.

Adhabu ya kukata kinyume cha sheria ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au yote mawili, pamoja na kurudisha pesa zilizokatwa. Yasikika kuwa kali. Lakini hesabuni: kampuni yenye watu 200, ikimkata kila mmoja shilingi 500 tu, imepata 100,000 kwa mwezi mmoja. Faini ya juu kabisa imekwisha lipwa na wafanya kazi wenyewe, na miezi kumi na mmoja imebaki ya faida. Ndiyo maana hatutaki kuliacha jambo hili mikononi mwa mahakama peke yake.

Tuwatazame jirani zetu wa Tanzania. Sheria yao ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba kabla ya kukata kwa hasara, mwajiri amweleze mfanya kazi kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na jinsi kilivyohesabiwa. Ampe nafasi ya kulipinga. Asidai zaidi ya thamani halisi. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Kenya tunayo "makusudi", ambayo ni ngome nzuri, lakini hatukuandikiwa namna ya kusikilizwa. Mtu hukatwa kwanza, kisha ndiye akimbie huku na huku kuthibitisha kwamba hakukusudia. Anayehukumiwa kabla ya kusikilizwa hana namna ya kushinda, hata kama kifungu kiko upande wake. Huo ndio upungufu tunaotaka kuuziba, na hatuna haja ya kungoja Bunge. Makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri yaweza kuuziba mwaka huu huu.

Kwa hiyo, katika kila majadiliano yatakayofunguliwa, kamati yetu italeta mezani kifungu hiki: pasikatwe hata senti moja kwa hasara wala upungufu wa fedha mpaka mfanya kazi amepewa madai kwa maandishi, amesikilizwa mbele ya mwakilishi wake wa chama, na amepewa jibu kwa maandishi, kiasi kisizidi bei halisi ya kitu, kwa hali kilivyokuwa siku hiyo na si bei ya kipya, kisizidi robo ya mshahara wa mwezi, na kusiwe na hasara ya kugawanyiwa watu kwa jumla. Tajiri atasema hii yachelewesha kazi. Kumfukuza mtu kwa sheria pia kwataka asikilizwe, na bado kazi zaendelea.

Wakati huo haujafika, haya ndiyo ya kufanya. Daini karatasi ya mshahara. Kifungu cha 20 chamtaka mwajiri aitoe kwa maandishi wakati wa malipo au kabla yake, ikionyesha mshahara wote, kila kato na sababu yake, na kilichobaki. Kifungu hicho hakimgusi kibarua wa kutwa wala mwenye kazi ya kipande, na matajiri wanapenda sana neno kibarua kwa sababu hiyo. Lakini kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofika mwezi, au kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, hesabu yake yageuka, awe na haki za mwajiriwa wa mwezi. Mtu aliyefungua lango hilo hilo kwa miaka miwili si kibarua, hata daftari liseme nini.

Andika mwenyewe. Daftari la shule la kurasa thelathini na mbili latosha: siku uliyofanya kazi, saa ya kuingia na kutoka, pesa iliyoingia, aliyekuambia umekatwa na maneno aliyoyasema. Usifute ujumbe wa simu. Ikiwa huna mkataba wa maandishi, usife moyo. Kuandika mkataba ni kazi ya mwajiri, na shauri likifika mahakamani akashindwa kuutoa, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai wewe.

Mlete mwakilishi habari hiyo mapema, katika wiki ile ile. Chama kitamwandikia mwajiri kwanza, na mara nyingi barua moja yenye namba ya kifungu hurudisha pesa, maana matajiri wengi hukata kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Asiporudisha, kuna ofisi ya leba, na malalamiko huko hayana malipo. Asiposikia leba, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, nayo inakaa hapa Kisumu. Tena tangu 2018 mahakimu waliopewa uwezo husikiliza madai ya wenye mishahara isiyozidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Msikae na dai mpaka likaoza: muda wa kwenda mahakamani ni miaka mitatu, na tajiri mwerevu huomba "tuzungumze" mpaka wa tatu upite.

Wengi watasema, nikishitaki nitafukuzwa. Hofu hiyo si ya bure, twaijua. Lakini sheria imesema wazi kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, ila malalamiko yakiwa ya uzushi yasiyo na msingi. Na anayefukuzwa bila haki aweza kupewa fidia ya hadi mishahara ya miezi kumi na miwili. Tena anayekuja peke yake huonekana mkorofi. Wanaokuja kumi na karatasi kumi zenye kato moja lile lile, huyo si mkorofi tena, hilo ni shauri. Basi kabla hujaja ofisini, mwulize mwenzako wa zamu yako naye alikatwa nini.

Wawakilishi wote wa Nyalenda A na Nyalenda B waanze mwezi huu kukusanya nakala za karatasi za mishahara, za wanachama na wasio wanachama, majina yakifunikwa kwa wanaotaka. Wa hoteli wazipange peke yake, wa ulinzi peke yake, wa nyumbani peke yake. Ambaye hakupewa karatasi na alete ujumbe wa simu na kiasi alichoahidiwa. Kamati yataka kuona ni makato gani yanarudi kila mwezi na ni ya waajiri gani, ndipo iandike barua za kwanza.